Mashetani wa George Lilanga

Washarika wengine wakisikia neno "mashetani" huiogopa picha kabla ya kuitazama. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934, alikuwa Mmakonde, wa jamii ile inayokaa huko Ruvuma yetu inakoelekea baharini. Alichonga, akachora, na katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, akachapa picha kwa mabamba ya chuma. Viumbe wake wana matumbo makubwa, masikio mapana na midomo iliyoning'inia. Lakini tazama wanafanya nini: wanacheza ngoma, wanabishana, wanabeba watoto. Simwoni hapo yule mshitaki wa Maandiko. Nawaona majirani, nasi tukiwemo, tulivyo kabla ya kuvaa nguo za Jumapili.

Mimi hupenda zaidi zile chapa zake za nyeusi na nyeupe. Michoro ya rangi, iliyojaa hadi pembeni, wakati mwingine hunichosha; katika chapa, mstari mmoja unatosha kuonyesha kiburi cha mtu.

Kisukari kilimpotezea miguu, naye akaendelea kuchora wacheza ngoma hadi alipofariki mwaka 2005. Madhabahuni nisingeitundika picha yake. Sebuleni kwangu hapa Ukata ningeitundika, na mzee wa kanisa atakayeshtuka ningemkaribisha chai tuitazame pamoja.