Kichanga, tifutifu, mfinyanzi: Maneno matatu hayatoshi kuueleza udongo wa Kiboko

Mwulize mtu yeyote aliyepitia shule ya msingi humu nchini kuna aina ngapi za udongo. Atakujibu bila kusita: tatu. Kichanga, tifutifu na mfinyanzi. Jibu hilo limekaririwa kizazi baada ya kizazi, na sina ugomvi na mwalimu aliyelifunza, maana silabasi ndiyo iliyomtuma. Ugomvi wangu ni na sisi watu wa lugha. Tumeyaacha maneno hayo matatu yabebe mzigo usio wao, na sasa yanapotakiwa kufanya kazi nzito, yanatuangusha.

Hebu tuyapime kwa mfano mmoja. Kiboko iko Kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, kabla hujafika Makindu ukitokea Nairobi. Kituo cha utafiti kilichopo hapo, ambacho sasa kiko chini ya KALRO, kiko kwenye mwinuko wa takriban mita 975 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ya mwaka ni haba, kiasi cha milimita 530 hadi 630. Udongo wake umechunguzwa kuliko wa maeneo mengi ya ukame nchini. Mwaka 1977, D. O. Michieka na B. J. A. van der Pouw wa Kenya Soil Survey walitoa ripoti nzima kuhusu udongo na mimea ya kituo hicho. Mwaka 1982 ikaja ramani ya udongo wa Kenya nzima, ambapo sentimita moja ya karatasi ni kilomita kumi za ardhi. Yote hayo yameandikwa kwa Kiingereza.

Nikiyaweka kwa maneno yangu, maandishi ya utafiti yamezoea kuueleza udongo wa Kiboko hivi: hautuamishi maji, kina chake ni kirefu sana, yaani zaidi ya sentimita 120, rangi yake ni kati ya hudhurungi yenye wekundu na nyekundu kamili, zote zikielekea weusi, ukiushika, unatifuka, chembe zake zinauweka kati ya mfinyanzi wenye mchanga na mfinyanzi halisi, nao umetokana na miamba ya kale ya naisi. Mwishoni unapewa jina la ukoo: feralisoli, tena ya akri-rodiki.

Sentensi moja, sifa sita na jina. Sasa ipeleke kwa Kiswahili cha darasani uone inavyovunjika.

Tuanze na kutifuka. Kitenzi tifua ni chetu cha zamani. Kutifua ni kuchimbua ardhi hadi ikalainika, na vumbi huweza kutifuka pia. Kwa hivyo tifutifu, kwa asili yake, ni sifa ya hali: udongo uliolegea, usioshikamana kama tofali. Hiyo ndiyo sifa hasa ambayo mpimaji wa Kiboko aliitaka alipouminya udongo kwa vidole ukavunjika bila ubishi. Lakini silabasi imelichukua neno hilo na kulifanya jina la mchanganyiko wa chembe, ule ulio katikati ya mchanga na mfinyanzi. Sifa ya hali imegeuzwa kuwa jina la aina.

Matokeo yake ni nini? Mtafsiri akitaka kusema kwamba udongo wa Kiboko ni mfinyanzi unaotifuka, ataandika "mfinyanzi tifutifu". Msomaji aliyesoma shule ataelewa mchanganyiko mwingine kabisa, ule wenye mfinyanzi wa asilimia 27 hadi 40 na ambao una daraja lake katika jedwali la wataalamu. Udongo umehamishwa daraja na kivumishi. Hakuna aliyedanganya, na bado msomaji amepata habari isiyo ya kweli.

Neno mfinyanzi lina kasoro ya aina nyingine. Mfinyanzi ni mtu. Ni yule anayefinyanga, na udongo wa mfinyanzi ni udongo unaomfaa mtu huyo: unaonata, unaoshika umbo, ambao mvua ikinyesha maji yanabaki juu yake. Tumezoea kufupisha, tukasema "udongo mfinyanzi". Kwenye maabara, hata hivyo, hakuna anayefinyanga chungu. Huko neno hili linamaanisha chembe zenye kipenyo cha chini ya milimita 0.002, basi. Udongo ukiwa na asilimia 40 au zaidi ya chembe hizo, na mchanga usifike asilimia 45, unaitwa mfinyanzi hata kama hauwezi kutengeneza kikombe.

Na hapa ndipo Kiboko inapotufunza. Katika feralisoli, chembe hizo ndogo huunganishwa na madini ya chuma zikawa vijipunje imara. Vijipunje hivyo vinaachia nafasi kati yake, na maji yanapita karibu kama yanavyopita kwenye mchanga. Virutubisho navyo havishikwi sana. Mwambie mkulima kwamba shamba lake ni "udongo mfinyanzi" na kichwani mwake litakuja tope la mtoni, udongo unaoshika maji wiki nzima. Atarefusha siku kati ya kumwagilia na kumwagilia. Atamwaga mbolea yote kwa mara moja akitumaini kwamba udongo utamhifadhia. Neno ni sahihi kwa mizani ya maabara, lakini kwenye shamba linampotosha.

La tatu ni mpangilio wa maneno. Kiingereza hutanguliza sifa, kisha jina. Kiswahili hutanguliza jina. Mtoto wa kidato cha kwanza anajua hilo, lakini tukifika kwenye istilahi tunalisahau. Udongo ambao sehemu yake kuu ni mfinyanzi, mchanga ukiwa sifa ya ziada, hugeuzwa neno kwa neno ukawa "kichanga mfinyanzi". Kwa masikio ya Mswahili, hapo jina ni kichanga na mfinyanzi ni kikorombwezo tu. Pichani umepinduka. Ukitaka kuusema ipasavyo, sema "mfinyanzi wenye mchanga". Ni maneno marefu zaidi, lakini kichwa kiko mahali pa kichwa.

Tuje kwenye rangi, ambako kosa letu ni la siri zaidi. Wapimaji wa udongo hawaitazami rangi kwa jicho tupu. Hulinganisha donge la udongo na kitabu cha rangi cha Munsell, ambacho hupima mambo matatu mbalimbali: rangi yenyewe ni ipi, ina mwanga kiasi gani, na imekolea kiasi gani. Sisi tuna kitenzi kizuri, kukolea, na tunakitumia kila mahali. Rangi yoyote isiyo hafifu tunaiita "iliyokolea". Kumbe rangi kuelekea weusi ni jambo moja na rangi kukolea ni jambo lingine. Damu mbichi imekolea. Damu iliyoganda inaelekea weusi. Hakuna mama wa nyumbani asiyejua tofauti hiyo. Ni sisi waandishi tunaoichanganya.

Je, inajalisha? Inajalisha sana Makueni. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo unaotumika leo, sifa ya rodiki hutaka wekundu wenye mwanga mdogo, chini ya kipimo cha 4 udongo ukiwa na unyevu. Sifa ya kromiki hutaka wekundu uliokolea, zaidi ya kipimo cha 4. Ya kwanza inatazama mwanga, ya pili ukolevu. Feralisoli ya Kiboko ni ya rodiki. Katumani, kituo kingine cha utafiti kilicho Machakos, kinajulikana kwa luvisoli ya kromiki. Tafsiri zote mbili kwa "udongo mwekundu uliokolea" na umeziba pengo la kati yake.

Na pengo hilo si la rangi tu. Luvisoli imepata jina lake kutokana na neno la Kilatini la kuosha: mfinyanzi umeoshwa kutoka tabaka la juu ukajikusanya chini. Maeneo ya ukame, uso wa udongo wa namna hiyo huwa na mazoea ya kujifunga baada ya mvua kubwa, ukafanya gamba, maji yakatiririka badala ya kuzama. Feralisoli, yenye jina la chuma na alumini, haina tabia hiyo kwa kiwango hicho. Mmoja unataka gamba livunjwe, mwingine unataka mbolea igawanywe mara kadhaa. Wote wawili, ukipita barabarani, ni wekundu. Mkamba atasema mũthanga mũtune, Mswahili atasema udongo mwekundu, na wote watakuwa wamesema kweli isiyotosha.

Najua kuna watakaonijibu kwamba mkulima anaujua udongo wake kwa jembe, hahitaji Kilatini chetu. Nakubali nusu. Shamba lake analijua. Asichoweza kukijua kwa jembe ni kama shamba lake linafanana na lile la Kiboko. Na hilo ndilo swali lenye chakula ndani yake, kwa sababu Kiboko ndiko KALRO na CIMMYT wamejaribia mahindi ya kustahimili ukame kwa miaka mingi. Kazi ya kuainisha udongo ni hiyo: kumwezesha mtu wa Wote au wa Kitui kujua kama kilichofaulu kituoni kitafaulu kwake. Ukimpa neno "mwekundu" peke yake, umempa ruhusa ya kuiga asichofanana nacho.

Sarufi nayo inatuchangia. Udongo umo katika ngeli ya U-U, hauna wingi. Tunasema "udongo wa Kiboko" kana kwamba ni kitu kimoja kama ugali. Lakini ripoti nyingine za majaribio ya mahindi ya hapo hapo hutaja feralisoli, luvisoli na fluvisoli kwa pamoja, na pH ya takriban 7.9, yaani upande wa magadi. Sasa linganisha na ile "akri" ya awali, ambayo hutokana na neno la Kilatini la uchachu mkali. Msomaji wa haraka atasema wataalamu wanapingana. Si lazima. Jina la udongo ni la shimo lililochimbwa na la kipande cha ramani kinachowakilishwa na shimo hilo. Si la kituo kizima, wala la kijiji. Ndiyo maana mwandishi makini wa Kiswahili hatasema "udongo wa Kiboko ni wa aina fulani". Atasema "udongo wa sehemu hii ya Kiboko", na sehemu ataitaja.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili hakiwezi. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyekuwa katika kituo cha Amani, Tanganyika, miaka ya 1930, alipochunguza jinsi udongo unavyobadilika kutoka kilele cha mlima hadi bondeni, aliwapa wanasayansi duniani wazo la mnyororo wa udongo. Na ule mweusi wa bondeni, unaopasuka kiangazi, akauita kwa neno la wenyeji: mbuga. Hapa kwetu, matuta ya Ukambani ambayo mchanga wake hutupwa upande wa juu wa mtaro yanaitwa fanya juu, na jina hilo limeingia vitabu vya hifadhi ya udongo vya dunia bila kutafsiriwa. Maneno haya yalifaulu kwa sababu kila moja lilishika kitu kimoja, likabaki nacho.

Basi napendekeza mambo manne, na wenzangu wa istilahi wanikosoe. Kwanza, majina ya koo za udongo tuyatohoe tu: feralisoli, luvisoli, vertisoli. Kuyatafsiri ni kujitafutia vita. Pili, tifutifu turudishe kwenye kazi yake ya asili ya kueleza hali, na ule mchanganyiko wa katikati tuuite udongo mseto. Tatu, tunapozungumzia vipimo vya maabara tuseme chembe za mfinyanzi, na "udongo wa mfinyanzi" tumwachie mwenyewe mfinyanzi. Nne, rangi tuiandike kwa mizani mbili: kukolea kwa ukolevu, kuelekea weusi kwa mwanga.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ripoti ya udongo ni habari ya namna hiyo. Lakini siku itakapotafsiriwa, ikitafsiriwa kwa maneno matatu ya darasani, mkulima wa Makueni atakabidhiwa karatasi iliyo katika lugha yake ambayo inamweleza shamba la mtu mwingine. Afadhali kazi ya maneno ifanywe kabla ya kazi ya tafsiri.