Kimelea, Pepo na Usahaulifu: Sura Mbili za Uzee wa Charles Xavier

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anapoitaja hadithi ya katuni mbele ya wenzake, aghalabu huulizwa kama ameishiwa na matini. Swali hilo tuliweke kando. Charles Xavier, mwalimu wa kundi la X-Men aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963, amesawiriwa mara mbili akiwa amepokonywa mamlaka juu ya akili yake mwenyewe, na tofauti baina ya sura hizo mbili inamhusu yeyote aandikaye juu ya uzee.

Sura ya kwanza imo katika toleo la 167 la *Uncanny X-Men* (1983), lililoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na Paul Smith. Humo Xavier amebeba mwilini yai la Brood, jamii ya vimelea kutoka anga za mbali. Yai linapoanguliwa, mwalimu anageuka dubwana na kuwashambulia wanafunzi wake. Suluhisho ni jepesi mno: nafsi yake inahamishiwa katika mwili mpya uliooteshwa kutokana na chembe zake. Mvamizi ameondoka, mwenye nyumba amerudi, wala hana lawama.

Katika uganga wa pepo wa pwani yetu, aliyepandwa huitwa kiti. Hata hivyo mganga hakurupuki kumfukuza pepo. Humwuliza jina lake na anachotaka, na mara nyingi hupatana naye akabaki. Kimelea cha Claremont hakiulizwi neno. (Kwamba Xavier amezoeleka akiwa katika kiti cha magurudumu ni sadfa, wala hatuijengei hoja.) Usawiri wa namna hii una hatari yake. Huko Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mzee atangatangaye usiku akisema maneno yasiyoshikamana ni rahisi kusomwa kama mtu aliyeingiliwa na kitu kiovu.

Filamu ya *Logan* (2017) ya James Mangold inamwondoa mvamizi huyo kabisa. Ni mwaka 2029. Xavier, aliyeigizwa na Patrick Stewart, amepita miaka tisini na anafichwa ndani ya tangi la maji lililoanguka, upande wa Meksiko wa mpaka. Ubongo uliosoma fikra za ulimwengu mzima sasa unaugua. Akikosa dawa, hupatwa na kifafa kinachowagandisha na hata kuwaua walio karibu. Tunafahamishwa hatua kwa hatua kwamba huko Westchester kifafa hicho kiliwaua baadhi ya wanafunzi wake mwenyewe, naye amesahau.

Uzito wa uamuzi huu unaonekana tukiulinganisha na *Old Man Logan* ya Mark Millar na Steve McNiven (2008–2009), ambayo filamu imeiazima kwa mbali. Katika katuni hiyo ni Logan anayewaua wenzake, akiwa amehadaiwa na viinimacho vya Mysterio: adui wa nje tena. Mangold anauhamisha msiba huo kwa mzee, na anakataa kumpa hadaa wala kimelea cha kusingizia. Mkono uliofundisha ndio ulioua. Tunahoji kwamba kwa kufanya hivyo filamu inamheshimu Xavier kuliko katuni ya 1983, kwa sababu inamwacha akiwa mtu yule yule, mwenye mapenzi na mwenye hatia, badala ya chombo kitupu kinachosubiri mwenyewe arudi.

Usiku ule katika nyumba ya familia ya Munson kumbukumbu inarudi. Akiwa kitandani, Xavier anakiri alichokitenda, akidhani anazungumza na Logan. Aliye mbele yake ni X-24, nakala ya Logan iliyotengenezwa maabarani, nayo inamchoma. Hapa utunzi unayumba. Mangold, aliyekuwa amemfukuza dubwana mlangoni, anamwingiza kwa dirisha, na ungamo linakosa msikilizaji. Lakini baadaye, akimbeba mzee anayekata roho, Logan anamsisitizia kwamba si yeye aliyefanya hivyo. Ni utetezi ule ule ambao kimelea kilimpa Xavier mwaka 1983, na ambao Xavier wa Westchester hakuwa nao.