Hongera Bujora, Watunza Hazina ya Watemi

Anayetoka Nassa kwenda Mwanza hupita Kisesa, na jirani na hapo ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma, Bujora. Watu wa Nassa, waliokuwa na mtemi wao, wana kila sababu ya kuwapongeza watunzaji wake.

Usukuma na Unyamwezi zilikuwa na nishani zake. Mojawapo ni kibangwa: kitako cha gamba la konokono wa Bahari ya Hindi, kilichokatwa duara, kikasuguliwa hadi kikang'aa weupe, kikatobolewa na kutiwa uzi. Ukikigeuza, unaona mizunguko ya gamba. Misafara ilikipandisha bara, na mtemi akakivaa kipajini au shingoni.

Nishani hazikuwa zetu tu: mwaka 1858 Adolphe, mtawala wa Nassau huko Ujerumani, alianzisha nishani ya msalaba mweupe wa enameli. Mwaka huohuo mpelelezi Mwingereza Speke alilifikia ziwa letu, Victoria, na kukuta Usukuma ina watemi wenye alama zao. Prussia iliimeza Nassau mwaka 1866, lakini nishani ile bado hutolewa Luxembourg.

Kwetu utemi ulifutwa baada ya Uhuru, mwaka 1963. Kilichookoa kumbukumbu zake ni bidii ya Padri David Clement na Wasukuma wa Bujora tangu miaka ya 1950. Walikusanya ngoma na viti vya enzi, wakajenga hata banda lenye umbo la kiti cha mtemi.

Kazi hiyo ni kubwa. Hongereni sana! Nanyi walimu wa wilaya yetu ya Busega, wapelekeni wanafunzi wakajionee.