Macho ya Mgeni na Macho ya Mwenyeji

Msomaji, mazoea ni pazia. Mtu akikipita kitu mara mia hakioni tena. Miguu yake hukijua, lakini macho yake hukikana. Ndivyo wengi wetu tulivyo na njia itokayo Nairobi kupitia Ruiru hadi Thika. Maelfu huipita asubuhi na jioni, na wakiulizwa wameona nini, hujibu kwamba wameona magari. Njia hiyo ilipanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012. Mwendo ukazidi, na kadiri mwendo ulivyozidi ndivyo kuona kulivyopungua. Katika insha hii napenda tukihakiki kitabu kimoja kilichoipa Thika sifa duniani, kisha tujihakiki sisi wenyewe. Maana hukumu isiyomrudia hakimu ni nusu ya hukumu.

Kitabu chenyewe ni The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley, kilichochapishwa mwaka 1959. Mwandishi huyu alizaliwa London mwaka 1907, akaletwa Kenya utotoni, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na wazazi waliokuja kupanda kahawa karibu na Thika. Habari zake ni kumbukumbu za mtoto, lakini zimeandikwa na mtu mzima baada ya miaka zaidi ya arobaini, na wazazi wake amewapa majina mengine. Kwa hiyo si historia tupu wala si hadithi tupu. Watu wa nchi nyingi wamekisoma, na mwaka 1981 kilionyeshwa katika televisheni huko Uingereza. Pengine hakuna mji mdogo wa Kenya uliosomwa na wageni kuliko Thika.

Yafaa kuanza na sifa, maana mkosoaji aanzaye na lawama hufanana na mgeni anayekataa maji mlangoni. Sifa kubwa ya kitabu hiki ni uangalifu. Safari ya gari la kukokotwa na ng'ombe kutoka Nairobi, vumbi la njiani, harufu ya majani makavu, paa mdogo aliyelelewa nyumbani: vyote hivi vimetazamwa kwa makini, kimoja kimoja. Mtoto yule haoni mnyama tu. Humwona mnyama huyu, mahali hapa, saa hii. Hilo ni somo la kwanza kwa kila atakaye kuandika. Kitu kikitajwa kwa ujumla hufa. Kikitajwa kwa sura yake huishi.

Chukua mfano ulio karibu. Mwanafunzi akiandika kwamba aliona ndege kando ya mto Chania, hajatuambia neno. Lakini akikaa kitako nusu saa chini ya mti ulioinamia maji, atamwona mnana dume, mwenye manyoya ya manjano, akichana ujani mrefu, akiuleta kwa mdomo, akiufuma mpaka kiota kining'inie kama kikapu. Kisha dume huning'inia chini ya kazi yake, akapiga mabawa na kuita. Jike huja akakikagua kiota. Kikimpendeza, hukaa, kisipompendeza, huenda zake. Kiota kilichokosa mkazi na kunyauka, dume mwenyewe hukivunja, akaanza kufuma upya. Hapo utatambua kwamba uhakiki haukuanzia darasani. Mwenye kazi akafuma, mwenye macho akapima, na kazi ya pili mara nyingi ikapita ya kwanza.

Sasa tufuate mfano wa yule jike, tukikague kitabu.

Kasoro yake haimo katika kile alichokiona mwandishi, bali katika kile kilichokuwa mbele yake asikipe uzito wake. Shamba huingia katika simulizi kama karatasi nyeupe inayongoja wino. Lakini ardhi ile haikuwa karatasi. Sheria ya mwaka 1902 ilikuwa imeipa serikali ya kikoloni uwezo wa kukodisha ardhi kwa walowezi kwa miaka 99, na sheria ya mwaka 1915 ikaurefusha muda huo kuwa miaka 999. Mtoto wa miaka sita hawezi kulaumiwa kwa kutojua sheria. Lakini aliyeshika kalamu hakuwa mtoto. Kitabu kilipotoka mwaka 1959, hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 ilikuwa bado haijaondolewa. Iliondolewa Januari 1960. Utamu wa kumbukumbu zile ulichapishwa wakati wenyeji wa nchi ile ile walikuwa wakiishi chini ya amri kali kwa sababu ya ardhi ile ile. Msomaji mwadilifu huviweka viwili hivi juu ya meza moja.

Hata hivyo tusimdhulumu. Mwandishi huyu huyu, miaka 20 kabla, alikwisha kuandika riwaya nyingine, Red Strangers, ya mwaka 1939, ambamo alijaribu kuusimulia ujio wa wazungu kama ulivyowajia jamaa ya Wakikuyu. Kwa hiyo alijua kwamba yako macho mengine. Kosa letu lingekuwa kusema kwamba hakuona. Neno la haki ni kwamba katika kitabu kile kilichopendwa kuliko vingine, alichagua kutazama kutoka upande mmoja wa ua.

Tuutazame na mti uliotajwa katika jina la kitabu. Wengi huuchukua kuwa ni kibobakasi, ambao Waingereza wa Kenya waliuita kwa jina la Wanandi. Maua yake ni mekundu yenye uchungwa, yameelekea juu kama vikombe, na chozi hufika kunywa humo. Vitumba vyake vina maji, na watoto huvibinya wakarushiana maji hayo kwa kicheko. Ni mti wa fahari, sikatai. Lakini kwao ni magharibi: Uganda, magharibi mwa Kenya, na nchi za mbele hadi Afrika ya Magharibi. Thika ulifika kwa mkono wa mpandaji. Mjakaranda nao asili yake ni Amerika ya Kusini, na mgrivea unaokinga mibuni dhidi ya upepo umetoka Australia. Nanasi lililoyafunika mashamba ya Thika ni mgeni vilevile. Basi mti uliopewa heshima ya kuutambulisha mji huu kwa ulimwengu ni mgeni aliyesifiwa na mgeni.

Na mwenyeji je? Mwenyeji ni mugumo, mti wa ibada wa Wakikuyu. Husimuliwa kwamba Mugo wa Kibiru, mtabiri aliyesema juu ya ujio wa wageni na nyoka wa chuma, alisema pia kwamba mugumo mmoja wa Thika utakapoanguka, utawala wa wageni utakwisha. Husimuliwa tena kwamba watawala, ingawa waliidharau habari hiyo, waliuzungushia mti ule chuma usianguke. Ukaanguka hata hivyo mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Wewe unaweza kuiamini habari hii au kuitilia shaka. Lakini huwezi kukana kwamba katika mji mmoja mti mmoja ulipewa kitabu, na mwingine ukaachiwa vinywa vya wazee. Tofauti hiyo ndiyo jambo la kufikiriwa, maana kinywa huzikwa na mwenyewe.

Nimemlaumu mgeni, sasa zamu ni yetu. Turudi Ruiru. Mvua inyeshapo baada ya ukavu, mibuni huchanua kwa pamoja, maua meupe yenye harufu kama ya asumini, na baada ya siku chache yote yamekwisha. Katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru ilizalishwa aina ya mbuni inayostahimili kutu ya majani na ugonjwa wa matunda, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa jina la Ruiru 11. Jina la mji huu limepandwa katika mashamba ambayo wenyeji wake hawatayafika kamwe. Nani ameandika habari za maua hayo kwa Kiswahili chetu? Na wakati si mwingi. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta wakazi 238,858 katika mji wa Ruiru; ile ya mwaka 2019 ikakuta 490,120, zaidi ya maradufu katika miaka kumi. Watu hao lazima walale mahali. Mibuni imeng'olewa, kuta za mawe ya Ndarugo zimesimama. Sisemi nyumba ni uovu; asiye na paa hashibi harufu ya maua. Nasema kwamba kitu kikiondoka bila kutazamwa huondoka mara mbili, kwanza shambani, kisha katika fikira za watu.

Usidhani kwamba kazi hii yataka macho makali. Katika Thika hiyo hiyo iko shule ya wasioona, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Asiyeona hutambua kwa sikio kama mto umejaa au umepungua, na kwa ngozi kama amefika kivulini. Wenye macho mazima hupita juu ya daraja la Chania, maporomoko yakinguruma karibu nao, pale ilipo hoteli iliyofunguliwa mwaka 1908 baina ya maporomoko ya mito miwili, na wasiinue hata kichwa. Basi ni nani kati yao aliye kipofu?

Kwa hiyo, msomaji, ukikisoma kitabu kile, kisome kwa shukrani na kwa mizani. Mshukuru mwandishi kwa kukufundisha kutazama kitu kwa sura yake. Mpime kwa maswali mawili ambayo hakuyajibu vya kutosha: kitu hiki kwa wenyeji kinaitwaje, na kilifikaje hapa au kiliondolewaje? Kisha ushike kalamu na karatasi, ushuke garini kituo kimoja kabla ya kwako, utembee. Anza na jambo dogo: kiota, ukuta, mbuni mmoja uliosahauliwa nyuma ya duka. Ukiandika vema, nitafurahi. Ukiandika vibaya, mnana dume amekwisha kukuonyesha la kufanya: vunja, ufume tena.