Maneno Kwanza, Mizimu Baadaye

Graham Ingels alipokabidhiwa hadithi ya kuchora, karatasi yake tayari ilikuwa imejaa maneno. Fremu zilishapigwa mistari, masimulizi na mazungumzo yalishatiwa wino, naye akaachiwa vipande vyeupe vilivyobaki. Ndivyo kampuni ya EC Comics ya New York ilivyotengeneza katuni za Tales from the Crypt, The Vault of Horror na The Haunt of Fear kuanzia 1950. Kwangu mimi, hofu ya katuni hizo inatokana zaidi na utaratibu huo wa kazi kuliko mizimu yenyewe.

Mwenye kampuni, William Gaines, alikesha akisoma hadithi na kuokota vidokezo. Asubuhi alimmwagia mhariri wake, Al Feldstein, mpaka kimoja kinase. Feldstein aliandika kwa penseli papo hapo juu ya karatasi ya kuchorea, akigawa fremu kadiri sentensi zilivyomjia. Kisha herufi zilitiwa wino kwa Leroy, kifaa cha kiolezo walichokitumia wachora ramani za kihandisi. Ndiyo maana herufi za EC zimenyooka kama za ripoti ya ofisini: maiti anafukuka kaburini, na msimulizi hatetemeki. Wengi wanazilaumu kwa ubaridi. Mimi naona ubaridi huo ndio unaotia baridi mwilini.

Lawama ninayoikubali ni kwamba maneno yalizidi. Mara nyingi sentensi inasema mtu anafungua mlango, na chini yake mtu anafungua mlango. Ingels alijinasua kwa kuchora kile ambacho sentensi haikugusa: uzi wa mate kati ya meno, vidole vilivyopinda, nywele zilizolowa. Nafasi ilikuwa finyu, kwa hiyo uso mmoja ukabeba mzigo wa fremu nzima.

Mfano ninaourudia kila mara ni “Poetic Justice”, ya 1952, katika The Haunt of Fear. Baba na mwanawe, matajiri, wanamsumbua jirani yao, mzee maskini, ili ahame. Siku ya Wapendanao wanammiminia kadi za mashairi ya matusi, naye anajinyonga. Mwaka mmoja baadaye anarudi kutoka kaburini, na anaacha ubeti wake mwenyewe. Kina cha mwisho hakikuandikwa. Neno linalokosekana ni moyo, na moyo wenyewe, uliong'olewa kifuani, umefungwa ndani ya karatasi ile. Feldstein, mwandishi asiyejua kunyamaza, hapa aliacha neno moja nje, na msomaji analitamka mwenyewe bila kutaka. Filamu ya Tales from the Crypt ya 1972, iliyoongozwa na Freddie Francis, Peter Cushing akiwa mzee huyo, ililinda fundo hilohilo.

Rangi nazo zilikuwa na kazi yake. Marie Severin, aliyezipaka, aliweza kuimwagia fremu nzito rangi moja tu, buluu iliyokolea kwa mfano, damu ikawa kivuli. Johnny Craig, aliyeandika na kuchora hadithi zake mwenyewe, alipunguza maneno, na michoro yake safi inapumua.

Mwaka 1954, baada ya Gaines kuhojiwa mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani, wachapishaji walijiwekea kanuni zilizopiga marufuku wafu wanaotembea, na hata neno “horror” kwenye jina la katuni. Majarida yale matatu yakafungwa.

Lakini EC iliendelea na majarida mengine, na mchoraji wake Bernard Krigstein alipewa karatasi za kurasa 6 zilizokwisha kuandikwa, za hadithi “Master Race”, iliyochapishwa mwaka uliofuata, kuhusu mkuu wa kambi ya Wanazi anayetambuliwa ndani ya treni ya chini ya ardhi. Alichukua mkasi, akazikatakata fremu za Feldstein, akazipanga upya mpaka zikawa kurasa 8. Nafasi aliyoipata aliitumia kupasua sekunde chache vipande vipande: mtu anaanguka relini, treni inapita, na sura za abiria zinajirudia dirishani, moja baada ya nyingine, bila neno.