Kupiga Mwezi kwa Vipande Kutoka Kau

Ukitaja Kau, kando ya Mto Ozi, kwa mpiga picha wa anga, atasifu giza lake. Ni giza zuri, ila Mwezi hauna haja nalo. Unapigika hata juu ya taa za Mombasa. Faida ya Kau ni kukaa takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Mwezi ukifika kileleni hapo hauwi chini ya nyuzi 58 kutoka upeo wa macho, na kuna siku hupita utosini kabisa. London kuna usiku Mwezi unaishia nyuzi 10, na mwanga wake unapita kwenye hewa nene zaidi ya mara tano.

Tuchukue darubini ya milimita 200 yenye urefu wa fokasi wa mita 2, na kamera ndogo ya pikseli 1,936 kwa 1,096. Pikseli moja inabeba nusu kilomita na ushei ya Mwezi, kwa hiyo Mwezi mzima una upana wa pikseli 6,200 hivi. Hauingii kwenye fremu moja. Unapigwa vipande, kila kimoja kikilalia jirani yake kwa robo. Mwezi wa siku kumi, unaofika kileleni kama saa mbili usiku, unataka vipande thelathini na kitu. Kila kipande ni video ya dakika moja. Programu kama AutoStakkert huchambua maelfu ya fremu na kubakiza zile chache zilizonaswa hewa ilipotulia.

Sasa saa inahesabu. Mpaka wa mchana na usiku mwezini hutembea kama kilomita 15 kwa saa, yaani zaidi ya pikseli 20. Ndiyo maana safu ya vipande iliyo kwenye mpaka huo hupigwa kwanza, mfululizo, bila kupumzika. Sehemu zenye jua kali zinaweza kusubiri.

Kuna pia jambo ambalo wengi hawalitarajii: ukubwa. Mwezi unapopanda, mtazamaji wa ikweta anasogezwa karibu nao. Katika saa ya kwanza baada ya kuchomoza hukua zaidi ya pikseli 20. Katika saa ya mwisho kabla ya utosi, hazifiki 10. Kushona kipande cha mapema na cha baadaye ni kama mkeka ambao shupatu moja limesukwa kwa kukaza: unavimba pale pale.

Kamera ya LRO, chombo kilichotumwa kuuzunguka Mwezi, ilikwepa mengi ya haya. Desemba 2010, kwa wiki mbili, ilipiga picha 1,300 hivi za uso wa Mwezi unaotuelekea, zikaungwa kuwa pikseli 24,000 kwa 24,000, mita 145 kila moja. Huko hakuna hewa.

Lakini ikweta nayo hudai chake. Mhimili wa stendi inayofuata mzunguko wa anga lazima uelekee ncha ya anga, na kwa Kau ncha hiyo iko nyuzi 2.5 tu juu ya ardhi. Stendi nyingi zilizoundwa kwa ajili ya Ulaya hazilali kiasi hicho. Watu huweka gogo chini ya mguu mmoja. Nyota ya Kaskazini haionekani, hivyo mhimili unarekebishwa kwa kutazama nyota inavyoteleza kwenye kioo. Na Mwezi ukivuka kilele, stendi ya aina hii hulazimika kugeuzwa, picha nayo inasimama kichwa chini. Mwenye busara anaanza saa moja kasoro robo na kufunga kazi kabla ya saa mbili.