Chuma Kipi, na Kiwiko Kipi? Uhakiki wa Istilahi za Upasuaji wa Mkono Uliovunjika

Mtu mzima aliyevunjika mkono hutakiwa kutia sahihi kabla ya kuingizwa katika chumba cha upasuaji. Sahihi hiyo ina maana ikiwa tu mwenye kuitia amefahamu ni mahali gani patapasuliwa, ni kitu gani kitatiwa mwilini mwake, na ni njia gani nyingine angeweza kuichagua. Kwa hiyo istilahi za tiba hii si pambo la kamusi. Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki maneno yatumikayo hospitalini na magazetini kuhusu kuvunjika kwa mkono wa juu na kiwiko, tukiyapima kwa kipimo kimoja: je, yanamwezesha mgonjwa kujua anachokikubali?

Tuanze na mahali penyewe. Neno "mkono" hutaja kiungo chote toka begani hadi vidoleni, hivyo kusema tu kwamba fulani amevunjika mkono hakumsaidii mtu. Sehemu iliyo kati ya kiwiko na kiganja ina jina lake zuri, nalo ni kigasha. Ile ya juu haina jina moja lililozoeleka na wote. Wataalamu husema "humerasi", nasi hatuna ugomvi na neno hilo katika vitabu vya utabibu. Lakini kwa mgonjwa, "mfupa wa mkono wa juu" ni jina linalojieleza lenyewe, na linafaa kuandikwa kwanza.

Kiwiko kina matata zaidi. Wengi siku hizi hukusudia pale mkono unapokunjikia katikati. Hata hivyo wapo wazungumzaji ambao kwao kiwiko ni pale kiganja kinapoungana na kigasha, na ndiyo sababu husikika pia "kiwiko cha mguu". Wakati huohuo, kile kiungo cha katikati huitwa kivi, kisugudi, kisukusuku na hata kisigino cha mkono. Huenda wengine wakauona wingi huu kuwa ni fujo. Sisi twauona kuwa ni akiba. Kiungo hiki ni makutano ya mifupa mitatu, mmoja wa mkono wa juu na miwili ya kigasha. Aangukaye akatua juu ya ile ncha ya nyuma huweza kuvunja ncha hiyo peke yake, nayo mara nyingi hushikizwa kwa pini na waya. Aliyevunja mwisho wa chini wa mfupa wa juu kwa kawaida huhitaji mabamba mawili. Ni majeraha mawili, na upasuaji wake si mmoja. Twapendekeza basi kiwiko liwe jina la kiungo kizima, kisugudi iwe ile ncha, na pale penye kiganja paitwe kifundo cha mkono. Hata hivyo, hadi matumizi yatakapotulia, daktari asiache kuonyesha kwa kidole.

Sasa tutazame "vyuma". Mgonjwa huambiwa kwamba atawekewa vyuma, naye huitikia. Lakini neno hili moja limebebeshwa vitu visivyofanana. Kuna bamba linalolazwa juu ya mfupa na kukazwa kwa skrubu. Kuna ufito upitishwao ndani ya uwazi wa mfupa. Kuna kiunzi kinachobaki nje ya ngozi, ambacho baadhi ya watu hukiita antena. Tena kuna kiwiko bandia, ambacho huweza kutiwa kwa mzee ambaye mifupa yake imedhoofika na kuvunjika vipande vingi visivyopangika. Bamba na ufito huweza kubaki mwilini maisha yote. Pini za kiunzi cha nje huhitaji kusafishwa kila mara na mwishowe kuondolewa. Naye mwenye kiwiko bandia huonywa asiinue mizigo mizito kwa mkono huo maishani mwake. Kwa mkulima wa jembe la mkono, onyo hilo ni suala la riziki. Kumwambia "vyuma" na kunyamaza ni kumficha jambo ambalo lingeweza kubadili jibu lake. Kuhusu "antena", hatuoni sababu ya kulidharau: limetokana na kinachoonekana, na asikiaye hawezi kudhani ni kitu cha ndani.

Kosa la aina nyingine huzaliwa na tafsiri ya neno kwa neno. Kitendo cha kurudisha vipande vya mfupa mahali pake huitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo katika mazungumzo ya kawaida humaanisha kupunguza. Mtafsiri ategemeaye kamusi peke yake ataandika "upunguzaji wa mfupa", na msomaji ataogopa kwamba mfupa wake utakatwa. Kiswahili kina "kupanga mfupa", na hilo latosha: kupanga kwa kupasua, au kupanga bila kupasua.

Vilevile tunalipinga zoea la kuandika kwamba "madaktari wameunga mfupa". Katika lugha yetu mfupa huunga wenyewe. Twasema "mfupa umeunga" pale tu unapokuwa mzima tena. Kazi ya daktari ni kuushikiza, na kitenzi hicho kinafaa sana kwa kuwa kina maana ya kukishika kitu kisiondoke mahali pake. Mfupa wa mkono wa juu huchukua kwa kawaida wiki 8 hadi 12, au zaidi, ndipo uunge. Anayedhani umeungwa siku ya upasuaji ataubebesha mzigo mapema, na chuma chaweza kuchoka na kukatika kabla mfupa haujaunga.

Njia isiyo ya kisu nayo yastahili jina. Mwaka 1977 Augusto Sarmiento na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kutibu mivunjiko ya katikati ya mfupa huu kwa kifungo cha kubana mkono kinachoacha bega na kiwiko vicheze, na njia hiyo ingali inatumika. Mgonjwa anayetajiwa "vyuma au hogo" tu hataijua. Waganga wetu wa mifupa walikwisha kutupa neno: gango. Plasta na iitwe hogo kama watu waitavyo, na kifungo hiki kiitwe gango.

Mwisho, neno "mshipa". Lina maana ya njia ya damu, neva, hata kano. Neva moja huzunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, na yapata mgonjwa 1 katika 10 waliovunjika katikati ya mfupa huo hushindwa kuinua kiganja. Wengi wao hupona bila kupasuliwa, baada ya miezi kadhaa. Aambiwaye kwamba mshipa wake umeumia hudhani ni damu. Hapa "neva" haina mbadala.

Twawaomba madaktari, wauguzi na watafsiri wayajaribu maneno haya katika karatasi za ridhaa, kisha watuandikie ni yapi wagonjwa waliyaelewa na yapi yaliwakwamisha.